Sähköposti: barua pepe ya Wafini imetoka wapi?

Jamani, wiki iliyopita nilikuwa napitia faili za tafsiri za programu moja ya barua pepe kwenye Linux, Kiswahili upande huu, Kifini upande ule. Kumbe barua pepe kwao ni sähköposti. Ile nusu ya pili haihitaji kamusi, ama vipi? Nikaanza kuifuatilia.

Asili yake ni Kilatini, posita, yaani kilichowekwa. Waitaliano wakaifupisha kuwa posta: kituo cha njiani ambapo farasi wa kupokezana waliwekwa tayari kumngoja mjumbe. Neno likapita kwa Wafaransa na Wajerumani, likafika Uswidi likiwa post. Ufini ilikuwa chini ya Uswidi hadi 1809, na mwaka 1638 Gavana Mkuu Per Brahe akaanzisha huduma ya posta huko. Mifuko ya barua kutoka Stockholm ilivushwa kupitia visiwa vya Åland. Waliopiga makasia ni wakulima wa kawaida, nao kwa kazi hiyo walisamehewa kuchukuliwa jeshini. Majira ya baridi, bahari ikiwa nusu maji nusu barafu, kuna waliokwenda wasirudi. Siku hizi pakiti ikipotea tunaituma tena tu!

(Linus Torvalds, aliyeanza Linux kule Helsinki mwaka 1991, ni Mfini ambaye lugha yake ya nyumbani ni Kiswidi, ile ile iliyoleta neno hili.)

Sasa, Kifini kikikopa neno linaloishia kwa konsonanti, kwa kawaida hulipachika i. Post ikawa posti, bank ikawa pankki. Si ndivyo tulivyofanya na benki na basi?

Sähkö ni umeme, na hilo halikukopwa. Daktari Samuel Roos alilibuni mwaka 1845 kutokana na maneno ya Kifini ya ule mlio wa "sss" na ya kutoa cheche.

Nayaandika haya kwa sababu ya wenzetu wanaocheka "barua pepe" kwamba ni neno la kuungaunga. Ni kweli, barua ni ya Kiarabu, na pepe ni ndugu wa upepo. Lakini hawa waliotuuzia simu za Nokia wameunga vivyo hivyo, la kukopa na la kubuni. Mwaka 2007 kampuni yao ya posta ilijipa jina jipya kabisa, Itella. Mwaka 2015 ikarudia Posti.