Vitamini B: Kilichomo chunguni Kilungu na kinachouzwa dukani

Katika milima ya Kilungu, Kaunti ya Makueni, mahindi huliwa kwa namna mbili kuu mbali na ugali. Kuna isyo, ambayo ni mahindi mazima yaliyochemshwa pamoja na maharagwe, kunde au mbaazi. Na kuna muthokoi, ambao mahindi yake hutiwa maji kidogo, yakatwangwa kinuni, kisha yakapepetwa ili kuondoa maganda. Vyakula hivi viwili hufanana sahanini, lakini kwa upande wa vitamini B vinatofautiana.

Vitamini B si kitu kimoja bali ni kundi la vitamini nane: thayamini (B1), riboflavini (B2), niasini (B3), asidi ya pantotheni (B5), piridoksini (B6), biotini (B7), foleti (B9) na kobalamini (B12). Kazi yazo ni kuuwezesha mwili kugeuza chakula kuwa nguvu, kutengeneza damu na kutunza mishipa ya fahamu. Zote huyeyuka katika maji, na nyingi kati yazo mwili hauziweki akiba kwa muda mrefu, hivyo hazina budi kupatikana chakulani mara kwa mara. B12 ndiyo isiyofuata kanuni hiyo, kwani ini huweza kuihifadhi kwa miaka kadhaa.

Katika punje ya nafaka, sehemu kubwa ya vitamini hizi imo kwenye ganda na kiini, yaani zile sehemu zinazoishia kwa kuku baada ya kutwanga. Isitoshe, niasini iliyomo katika mahindi imefungamana kwa namna ambayo tumbo la binadamu hushindwa kuifungua. Jamii inayotegemea mahindi pekee hukabiliwa na hatari ya pelagra, maradhi yanayoathiri ngozi, kuleta kuhara na hatimaye kuvuruga akili. Mwaka 1990, zaidi ya wakimbizi 18,000 wa Msumbiji waliokuwa Malawi waliugua pelagra baada ya njugu karanga kukosekana katika mgao wao wa chakula uliotegemea mahindi.

Kinachomkinga mlaji wa muthokoi, basi, ni maharagwe. Protini ya jamii ya kunde ina kiini ambacho mwili huweza kukigeuza kuwa niasini. Familia inayopunguza maharagwe chunguni wakati wa ukame haipunguzi ladha tu.

Magadi nayo yana hasara isiyoonekana. Wapishi wengi huyatia ili mahindi na maharagwe yaive upesi na kuni zisiishe, na hoja hiyo ni ya haki. Hata hivyo, magadi huiharibu thayamini. Kuloweka maharagwe usiku kucha hupunguza muda wa kupika bila hasara hiyo.

Jambo ambalo isyo wala muthokoi haviwezi kulitimiza ni B12. Vitamini hii hutoka kwa vyakula vya wanyama: maziwa, mayai, nyama, maini, samaki. Mtu mzima huhitaji mikrogramu 2.4 tu kwa siku, na vikombe viwili vya maziwa hukaribia kiasi hicho. Asiyepata kabisa vyakula hivyo huhitaji kidonge au chakula kilichoongezwa B12.

Suala zito zaidi ni foleti. Katika siku 28 za kwanza baada ya mimba kutungwa, mfereji ambao baadaye huwa ubongo na uti wa mgongo hujifunga. Foleti ikipungua, mfereji huo huweza kubaki wazi, na mtoto akazaliwa na maradhi yajulikanayo kama mgongo wazi, ambayo aghalabu huandamana na kichwa kujaa maji. Utafiti wa Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, uliochapishwa mwaka 1991 na kuhusisha nchi saba, ulionyesha kwamba asidi ya foliki ilipunguza kwa asilimia 72 hatari hiyo miongoni mwa wanawake waliowahi kupata mtoto wa aina hiyo.

Tatizo ni wakati. Kliniki za wajawazito nchini hutoa kidonge cha pamoja chenye miligramu 60 za chuma na mikrogramu 400 za asidi ya foliki. Kidonge hicho husaidia kuzuia upungufu wa damu, lakini mwanamke anayefika kliniki mimba ikiwa ya miezi minne amekuta mfereji ule umekwishajifunga, au umekwishashindwa. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani hupendekeza mikrogramu 400 kila siku kuanzia mwanamke anapopanga kushika mimba hadi wiki ya 12. Aliyewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi huhitaji kiasi kikubwa zaidi, kwa agizo la daktari.

Kwa kuwa mimba nyingi hazipangwi, Kenya iliamuru mwaka 2012 kwamba unga wa mahindi na wa ngano unaopakiwa viwandani uongezwe vitamini na madini, asidi ya foliki ikiwemo. Uamuzi huo ulikuwa wa busara, ila una pengo. Mkulima wa Kilungu anayebeba debe lake hadi kwenye mashine ya posho hurudi na unga usioongezwa chochote. Kwake tegemeo ni mboga za kijani na jamii ya kunde: kikombe kimoja cha kunde zilizochemshwa kina takriban mikrogramu 350 za foleti.

Wengi huamini kwamba vitamini B hazina madhara kwa kuwa ziada hutoka kwa mkojo. Ni kweli kwamba mkojo hugeuka manjano iliyokolea kwa sababu ya riboflavini. Si kweli kwamba zote hupita salama. Mtu mzima huhitaji takriban miligramu 1.3 hadi 1.7 za B6 kwa siku, ilhali baadhi ya vidonge huwa na 50 au 100. Kiasi kikubwa kikitumiwa kwa muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu na kuleta ganzi miguuni, dalili ile ile inayowapeleka wengi kununua vidonge hivyo. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilishusha kikomo hadi miligramu 12 mwaka 2023. Ganzi yenyewe huenda ikawa ishara ya kisukari, na vidonge huchelewesha ugunduzi.

Asidi ya foliki nyingi nayo huweza kuirekebisha damu ya mtu aliyepungukiwa na B12 huku neva zake zikiendelea kuharibika kimyakimya.

Wapo wanaohitaji vidonge kwa hakika. Mgonjwa anayetumia dawa ya kifua kikuu ya isoniazidi hupewa B6, kwani dawa hiyo huipunguza mwilini. Wanaotumia metiformini kwa miaka mingi, pamoja na wazee, wanafaa kupimwa B12.

Mjamzito wa Kilungu anayeishi Pwani au karibu na Ziwa Victoria, ambako kliniki hutoa dawa ya SP ya kuzuia malaria, anapaswa kuwa mwangalifu zaidi. Asidi ya foliki ya mikrogramu 400 haiidhuru kazi ya SP. Kidonge cha miligramu 5, kiasi kilicho zaidi ya mara 12, huidhoofisha.