Kiranja, Bweni na Mizungu: Maneno ya Jando katika Shule za Wavulana

Historia ya shule za bweni nchini Kenya aghalabu huandikwa kwa kufuata majina ya wakuu wa shule, tarehe za kufunguliwa kwa majengo, na orodha za waliofaulu mitihani. Utundu wa wanafunzi huachiwa mazungumzo ya watu waliosoma pamoja wanapokutana arusini au matangani. Makala haya yanashika njia nyingine. Yanachunguza maneno mawili ambayo Kiswahili kiliyatumia kuipokea shule hiyo ngeni, yaani bweni na kiranja, na la tatu, mizungu, ambalo shule haikulichukua ingawa lingeifaa sana.

Maneno haya yalikuwapo kabla ya shule. Bweni, kama kamusi zinavyotuhifadhia, ni mahali pa kulala vijana ambao hawajaoa au wasichana ambao hawajaolewa. Kiranja ni mvulana anayetangulia kutahiriwa miongoni mwa wenzake wa jando moja. Yeye ndiye anayekabili kisu cha ngariba kwanza, huku wengine wakingoja zamu yao na kuutazama uso wake. Akivumilia, nao hupata moyo. Akilia, aibu ni ya wote. Ukubwa wake, basi, ulikuwa ukubwa wa kutangulia maumivuni, na baada ya hapo alilala kumbini juu ya kitanda kile kile walicholalia wengine.

Prifekti wa Kiingereza alizaliwa kwingine. Mfumo wake ulipata sifa kubwa mikononi mwa Thomas Arnold, aliyekuwa mkuu wa shule ya Rugby kuanzia 1828 hadi 1842. Arnold aliwapa wavulana wa darasa la juu madaraka ya kuwaongoza na kuwaadhibu wadogo wao, na kwa njia hiyo mwalimu mkuu akapata macho na mikono mahali asipoweza kufika mwenyewe usiku. Yafaa ikumbukwe kwamba dawa hii ilipikwa kwa ajili ya ugonjwa uliojulikana. Mwaka 1797 wavulana wa Rugby hiyo hiyo waliulipua kwa baruti mlango wa mwalimu mkuu, wakachoma madawati na vitabu uwanjani, hata ikabidi askari waitwe kuwatiisha. Mwaka 1818 askari waliitwa tena, safari hii katika shule ya Winchester. Wale wanaodhani kwamba fujo za shule ni ugonjwa wa Kiafrika wangefanya vyema kuisoma historia ya watu waliotuletea nidhamu.

Mfumo huo ulisafiri pamoja na wamisionari na maofisa wa elimu. Maseno ilianzishwa na wamisionari wa Kianglikana mwaka 1906, shule ya serikali ya Tabora ikafunguliwa Tanganyika mwaka 1925, na Alliance ikafuata huko Kikuyu mwaka 1926 chini ya muungano wa misheni za Kiprotestanti. Mtu mmoja aliunganisha shule mbili kati ya hizo. Huyo ni Edward Carey Francis, mwanahisabati kutoka Cambridge, aliyeiongoza Maseno kuanzia 1928 hadi 1940, kisha Alliance hadi 1962. Nidhamu yake ilikuwa kali, na wengi wa viongozi wa kwanza wa Kenya huru walipitia mikononi mwake.

Wanafunzi nao hawakuingoja elimu ya Arnold ndipo wajue kukataa. Mwaka 1908, Maseno ikiwa na umri wa miaka miwili tu, wavulana waligoma. Hawakutaka kutumikishwa kazi za mikono ilhali walikuja kujifunza kusoma. Madai yao yalikuwa ya watu waliokwisha kutambua mapema mno mahali ambapo nguvu ya mkoloni ilikaa, yaani katika maandishi. Ni jambo la kusikitisha kwamba katika kumbukumbu nyingi tukio hili hutajwa kwa mstari mmoja, kana kwamba ni kisa cha watoto watukutu.

Sasa neno kiranja lilipomvaa prifekti, tafsiri hiyo ilipendeza masikioni lakini ilificha tofauti kubwa. Wote wawili ni vijana waliotangulizwa mbele ya wenzao. Hata hivyo, kiranja wa jando alitangulia kupokea, na kiranja wa shule alitangulia kutoa. Wa kwanza alijulikana kwa jeraha lake, wa pili kwa daftari la majina ya waliochelewa kengele, walioruka ua kwenda sokoni, au waliokutwa wakipika usiku kwa jiko la kuazima. Huenda ndiyo sababu wanafunzi hawakuacha kumtungia kiranja majina ya utani ambayo yeye mwenyewe alikuwa wa mwisho kuyasikia.

Neno la tatu linahusu mapokezi ya wageni. Mizungu ni mafunzo ya siri ya jando na unyago. Kadhalika neno hilo hubeba maana ya hila, werevu na mambo ya kustaajabisha. Mwari hutegewa vitendawili asivyovijua, huimbiwa nyimbo zenye maana ya ndani, hudhihakiwa na kuchoshwa, kisha hufunuliwa maana ya yote hayo. Katika shule za bweni mgeni wa kidato cha kwanza, ambaye katika shule nyingi za Kenya huitwa ‘mono’, naye hutegewa mambo. Visa vinavyosimuliwa vinafanana kutoka shule hadi shule. Huamriwa aizime taa ya umeme kwa kuipuliza, aupime uwanja wa mpira kwa kijiti cha kiberiti, au ashike kiatu sikioni na kuwapigia simu wazazi wake, huku bweni zima likicheka. Mzaha huu una ufundi wake, na si wote uliokuwa wa kikatili. Lakini jando lina siku ya mwisho. Wari hutoka kumbini, hupikiwa, huvishwa nguo mpya, na tangu hapo hakuna awezaye kuwarudisha chini. Mzaha wa shule hauna mtu wa kuufunua wala siku ya kuufunga. Mono hufaulu tu kwa kupanda kidato na kumpata mono wake. Ni mizungu iliyobaki na hila, ikapoteza mafunzo.

Kwa wanaisimu, mchezo wenye uzito zaidi ni ule wa diski. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake kuhusu ukoloni wa fikra kilichotoka mwaka 1986, alieleza jinsi ulivyoendeshwa katika shule ya utotoni mwake baada ya hali ya hatari kutangazwa mwaka 1952. Asubuhi mwanafunzi mmoja alipewa kitufe, akampa yeyote aliyemsikia akisema lugha ya mama, naye akampa mwingine. Jioni aliyekuwa nacho alimtaja aliyempa, huyu akamtaja wa kabla yake, na wote wakaadhibiwa. Wengine walivishwa shingoni kibati chenye maneno ya kuwatukana. Hila hii haikubuniwa kwetu. Watoto wa Wales walivishwa kibao cha namna hiyo katika karne ya 19, na wa Brittany na Okinawa wanakijua pia. Huku kwetu, hata hivyo, kitu cha kuning'inia shingoni kilikuwa na ndugu yake. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza baba wa mtoto huyo alilazimishwa kutembea na kipande ndani ya kijaluba cha bati, nacho akakining'iniza shingoni.

Katika shule ya kutwa mtoto alirudi kwao jioni, na lugha yake ikamrudia. Katika shule ya bweni diski ililala naye. Ndipo utundu ulipogeuka kuwa biashara ya kuponea. Aliyekuwa na diski saa kumi na moja jioni alimkanyaga mwenzake kidole kusudi alie kwa lugha ya kwao. Wengine walikaa kimya siku nzima. Katika shule nyingine Kiswahili nacho kilihesabiwa miongoni mwa lugha za hatia, na wavulana wakakinong'ona chini ya blanketi baada ya taa kuzimwa. Mfumo wa Arnold ulimpa mwalimu macho kwa kuwateua wachache. Diski ilimfanya kila mtoto kuwa jicho.

Mahali pa mwisho pa kulitazama neno kiranja ni chumbani mwake. Katika mabweni mengi viranja walitengewa vijumba vyao, vyenye mlango na kufuli, ili waheshimike na wapate kusoma. Bweni la asili halikuwa na mlango wa mtu mmoja. Mwezi wa Mei 1999, katika shule ya upili ya Nyeri, viranja wanne walifungiwa katika vijumba hivyo usiku, wakamwagiwa petroli na kuchomwa moto na wanafunzi wenzao. Wote wanne walikufa. Machi 2001, huko Kyanguli katika wilaya ya Machakos, bweni lilitiwa moto na wavulana 67 wakaangamia. Hapo hakuna tena la kuitwa utundu, na hakuna hoja ya isimu inayoweza kuupunguza uovu wa vitendo hivyo. Lakini waliokufa Nyeri walikuwa vijana wa umri mmoja na waliowaua, waliotengwa na wenzao kwa ukuta wa mbao na kwa kazi ambayo watu wazima waliwakabidhi.

Mwaka huo wa 2001 serikali ilipiga marufuku adhabu ya viboko shuleni. Mwaka 2009 likaundwa baraza la wanafunzi wa shule za upili la taifa zima, na shule zikahimizwa kuwaacha wanafunzi wachague viongozi wao kwa kura. Kwa Kiingereza jina la prifekti likaanza kuwekwa kando katika nyaraka, pakaandikwa ‘rais’ na ‘katibu’ wa baraza. Bwenini, taa zikishazimwa, anayepita na tochi kuhesabu vitanda bado huitwa kiranja.