Kutoka Mwisenge hadi jukwaa la Shakespeare

Mwaka 1936 Raymond Massey, mzaliwa wa Toronto, alikuwa ameshajipatia jina London. Alianza kupanda jukwaa la Uingereza mwaka 1922, akaigiza, akaongoza michezo, na sasa sura yake ilikuwa kwenye filamu ya Things to Come. Wakanada wengi wamepita njia hiyo baada yake. Lugha ya jukwaa wamekua nayo, kwa hiyo mwenye kipaji alihitaji nauli ya meli na mtu wa kumfungulia mlango.

Mwaka huohuo mtu mwingine alikuwa bado akijifunza lugha atakayoipeleka jukwaani: katika shule ya bweni ya Mwisenge, mjini Musoma kando ya Ziwa Victoria, Kambarage Nyerere alikuwa akimaliza masomo yake ya awali. Aliingia hapo mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12, akitokea Butiama, kiasi cha kilomita 40 hivi. Nyumbani kwa baba yake, Mtemi Nyerere Burito, lugha ilikuwa Kizanaki. Kiswahili alikipata Mwisenge, darasani kwa walimu kama James Irenge, na bwenini kwa wenzake waliotoka pembe mbalimbali za Mara, ambao nao kila mmoja alikuwa na lugha ya kwao.

Mwisenge tunaikumbuka kwa siasa: ndiyo shule iliyomlea Baba wa Taifa. Ni kweli, lakini naona tumeinyima shule hii sehemu ya heshima yake. Mtoto aliyeanza kujifunza Kiswahili akiwa na miaka 12 ndiye aliyekuja kuwavisha lugha hiyo Brutus na Antony, wahusika wa Julius Caesar ya Shakespeare. Historia ya tamthilia ya Kiswahili ikiandikwa bila kuitaja Mwisenge, itakuwa na pengo.

Kabla yake, Shakespeare alikuwa ameshafika pwani, ila kwa umbo la hadithi. Edward Steere, mmisionari aliyekuja kuwa askofu, alichapisha Hadithi za Kiingereza Zanzibar mwaka 1867, akisimulia kwa Kiswahili michezo minne, ukiwemo wa mfanyabiashara wa Venisi na wa Mfalme Lear. Ni hadithi za kusoma. Mwigizaji hana cha kusema humo.

Mwaka 1937 Nyerere alijiunga na shule ya serikali ya Tabora. Siku hizo mtu wa Musoma aliyekwenda Tabora alivuka ziwa hadi Mwanza, kisha akapanda treni. Alisoma Makerere kuanzia 1943, na mwishoni mwa mwaka huo, tarehe 23 Desemba, akabatizwa Nyegina, jirani na Musoma, kwa jina la Julius. Kutoka 1949 hadi 1952 alikuwa Chuo Kikuu cha Edinburgh, ambako fasihi ya Kiingereza ilikuwa miongoni mwa masomo yake.

Tafsiri yake ya Julius Caesar ilitoka mwaka 1963, akiwa Rais wa Jamhuri changa. Hakuridhika nayo, aliipitia upya, ikachapishwa tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Mwaka huo ikatoka pia Mabepari wa Venisi, na msomaji wa miaka ya Azimio la Arusha hakuhitaji kuelezwa kwa nini wafanyabiashara wa Venisi waliitwa mabepari. Ila mimi navutiwa zaidi na ufundi wake. Shairi la Kiswahili tulilolizoea huenda kwa vina na mizani. Ubeti usio na vina wengi waliuona guni, yaani wenye kasoro. Nyerere, ambaye mashairi ya vina aliyajua vizuri, aliamua kumfuata Shakespeare katika mistari isiyo na vina, ili mhusika aseme kwa pumzi ya mtu anayehutubia. Isome hotuba ya Antony kwa sauti mbele ya maiti ya Kaizari: sentensi inavuka mstari, inapanda, inageuka. Kwa mwigizaji hilo ni jambo kubwa. Samuel Mushi naye alitoa Makbeth mwaka 1968, na ghafla rafu ya tamthilia za Shakespeare kwa Kiswahili ikaanza kujaa.

Jirani wa mfasiri huyu katika uongozi alikuwa mwigizaji hasa. Rashidi Kawawa, kabla ya kuvuma katika vyama vya wafanyakazi, aliigiza katika filamu za Kiswahili za miaka ya mwanzo ya 1950, zikiwemo Muhogo Mchungu na Chalo Amerudi. Januari 1962 Nyerere alipojiuzulu uwaziri mkuu ili akakijenge chama, kiti alimwachia Kawawa. Sijui nchi nyingi ambazo miezi yake ya kwanza ya uhuru iliongozwa na mfasiri wa Shakespeare, kisha na mcheza filamu.

Waigizaji wa jukwaani walihitaji shule pia. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha idara ya sanaa za maonyesho mwaka 1967, na mwaka 1969 mwandishi Ebrahim Hussein akatoa tamthilia ya Kinjeketile. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilifuata mwaka 1981.

Na hatimaye njia ya kwenda London ilipitika, kwa Kiswahili. Mwaka 2012 ukumbi wa Globe, uliojengwa upya kando ya mto Thames kwa juhudi za mwigizaji wa Marekani Sam Wanamaker, ulialika michezo 37 ya Shakespeare kwa lugha 37. Kiswahili kilipewa The Merry Wives of Windsor, kwa tafsiri ya Joshua Ogutu wa Kenya. Waigizaji walikuwa wanane tu, wakigawana wahusika wote, na Falstaff, mzee mlafi anayewaandikia wake za watu barua za mapenzi, aliigizwa na Mtanzania Mrisho Mpoto. Mpoto ni mtu wa kughani, aliyezoea kuikamata hadhira kwa sauti na kwa kujibizana nayo, na Globe ni ukumbi ambao watazamaji husimama uani, karibu kabisa na mwigizaji. Massey aliingia London na Kiingereza chake. Mpoto aliingia na Kiswahili, hakulazimika kukiacha mlangoni.

Katika tamasha hilo Julius Caesar ilikwenda kwa kundi la Italia, na The Merchant of Venice kwa Habima, waliocheza kwa Kiebrania. Kwa hiyo Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi havikusikika Globe mwaka ule. Kikundi kitakachovipeleka kingefanya vyema kuanzia maonyesho yake Musoma, mbele ya wanafunzi wa Mwisenge.