Jathum na Wasikilizaji Wake

Katika nchi ya Waluo, kando ya Ziwa Victoria upande wa Kenya, mpiga nyatiti huitwa jathum. Huketi kwenye kigoda kifupi, chombo kimelala mbele yake, vidole vya mikono yote miwili vikicharaza nyuzi nane. Kidole gumba cha mguu kimevaa pete ya chuma, oduong'o, ambayo hugonga ukingo wa nyatiti. Mguuni amefunga njuga ziitwazo gara. Na juu ya hayo yote, anaimba.

Ufundi huo wa viungo unastahili sifa zote unazopewa. Lakini kilichomfanya jathum aogopwe na kupendwa ni jinsi alivyowasoma watu. Aliitwa matangani, harusini na kwenye pombe za wazee, na matangani alitazamiwa kuujua ukoo wa marehemu na matendo yake. Msikilizaji aliyeguswa hakukaa kimya. Alitoa fedha, akausimamisha muziki, akasimama kujigamba: jina lake la sifa, kwao, marafiki zake, mpenzi wake. Desturi hiyo ni pakruok. Akishamaliza, jathum alilidaka jina lile akalitia ndani ya wimbo palepale, na jirani aliyesikia mwenzake akisifiwa akaanza kupapasa mfuko wake. Ndiyo maana wimbo mmoja uliweza kurefuka kadiri watu walivyopenda, na sehemu kubwa ya maneno yake ilitoka kwa wasikilizaji.

Nyimbo hizo zilipoingia studioni, mambo yalibadilika: sahani ya santuri ya mizunguko 78 kwa dakika ilibeba kama dakika tatu tu kwa upande mmoja, wala humo hapakuwa na msikilizaji wa kuukatiza wimbo. Naamini hasara hiyo ilikuwa kubwa kuliko tunavyokiri. Hata hivyo, vijana wa gitaa waliokuza muziki wa benga waliichukua mipigo ya nyatiti wakaihamishia kwenye nyuzi za umeme, na majina ya marafiki na wafadhili yakaendelea kutajwa ndani ya nyimbo zao.

Ayub Ogada, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1956, alipita njia nyingine. Katika miaka ya 1980 alikwenda Uingereza, akapiga nyatiti kwenye stesheni za treni za chini ya ardhi jijini London, mbele ya wapita njia wasiojua neno la Kiluo. Albamu yake En Mana Kuoyo ilitoka mwaka 1993, na wimbo wake Kothbiro ukasikika katika filamu ya The Constant Gardener ya mwaka 2005. Upole wa sauti yake uliwafikia watu ambao hawakuwa na jina la kujigamba wala mahali pa kulitia.

Nyumbani kwa Waluo, pakruok imehamia kwenye muziki wa ohangla. Muziki bado husimamishwa, fedha bado hutolewa, na mwimbaji bado hulirudisha jina la mtu kwa sifa, ingawa siku hizi mara nyingi nyuma yake kuna kinanda cha umeme na kundi zima la wanamuziki.