Chakula Chao Kiko Wapi?

Walther Dobbertin alikuwa mpiga picha wa biashara huku kwetu enzi za Mjerumani, na vita vilipoanza mwaka 1914 akaingia jeshini. Picha zake zinatunzwa na idara ya nyaraka ya taifa ya Ujerumani, na nyingi ziko mtandaoni. Nilichapa moja kwa ajili ya kidato cha tatu, shule ya sekondari iliyo chini ya Mlima Meru: askari Waafrika wamejipanga, bunduki mkononi, Mzungu mwenye chepeo kasimama pembeni.

"Mnaona nini?" Wakaanza na majibu ya mtihani: ukoloni, unyonyaji. Nikawaambia unyonyaji hauna umbo, wanitajie kinachoonekana. Mmoja akasema hawa wametulia mno kwa watu walio vitani. Mwingine akafuatilia vivuli ili ajue ni saa ngapi. Kisha binti wa karibu na dirisha akauliza, "Mwalimu, chakula chao kiko wapi?"

Swali hilo likameza kipindi. Vita ile, kuanzia Longido Novemba 1914, Waingereza wakaingia Arusha Machi 1916, kisha ikasogea kusini, ilibebwa vichwani mwa watu. Mbung'o waliua farasi kwa maelfu. Upande wa Waingereza peke yake, kwa hesabu zao wenyewe, walikufa wapagazi zaidi ya 40,000, wengi kwa maradhi. Kariakoo ya Dar es Salaam ni jina la kikosi hicho lililopita kwenye ndimi zetu. Hata Sanamu ya Askari ya mwaka 1927 inawataja wapagazi kwenye maandishi yake, ila aliyesimama juu ni askari na bunduki yake.

Tukageukia tarehe. Picha yetu, kama nyingine kadhaa za mkusanyo huo, imeandikwa "kati ya 1906 na 1918". Darasa likacheka. Lakini mwaka 1906 Maji Maji ilikuwa bado inawaka. Bunduki zile huenda zilikuwa zinaelekea vijiji vya kusini, si Waingereza. Tulibishana hadi kengele ikalia, na kwangu ubishi ule una thamani kuliko orodha ya sababu za vita wanayokariri.

Kuna na hili: mwaka 1932 Dobbertin alitoa kitabu cha picha kuhusu askari wa Lettow-Vorbeck. Ujerumani ilikuwa imekwisha kupoteza makoloni, na askari mtiifu ndiye aliyeuzika. Mpagazi mgonjwa angenunuliwa na nani?

Niliwatuma wakaulize nyumbani. Wiki iliyofuata walileta majina matatu ya watu waliochukuliwa kubeba mizigo. Mmoja aliwabebea Wajerumani. Kwa wale wawili, wazee hawakukumbuka ilikuwa upande gani. Hakuna aliyeleta picha. Majina tuliyaandika kwenye karatasi ya manila, tukaibandika chini ya ile safu ya askari.