Mwanajeshi Akistaafu: Hati Kwanza, Mawe Baadaye

Mwanajeshi hukaa miaka mingi bila kuwaza kodi ya nyumba. Yuko kambini Mtongwe, Manda au Nairobi, na paa lililo juu ya kichwa chake ni la serikali. Siku anayovua sare, paa hilo linabaki nyuma. Hapo ndipo hesabu inapoanza, na kwa wengi inaanza ikiwa imechelewa.

Nimeandamana na wastaafu kadhaa kwenye ofisi za ardhi hapa Pwani, wengi wao wa Jeshi la Wanamaji, na jambo ninaloliona kila mara ni hili: shida kubwa si pesa. Mkupuo wa kiinua mgongo huwa upo. Shida ni kwamba pesa hizo hununua mawe, saruji na mabati kabla hazijanunua karatasi. Katika makala haya nitaeleza njia ambazo mstaafu anaweza kuzipitia hadi awe na nyumba iliyo yake kweli, na mitego iliyo ya Pwani hasa.

Kwanza, mwanajeshi hafanani na mtumishi mwingine. Mwalimu au karani wa serikali hustaafu akiwa na miaka 60. Mwanajeshi wa vyeo vya chini hutoka mapema zaidi, kulingana na cheo na mkataba wake, mara nyingi watoto wakiwa bado shuleni. Anapata fungu moja kubwa, kisha pensheni ndogo ya kila mwezi. Fungu hilo halirudi tena. Likipotea kwenye ploti isiyo na hati, hakuna mshahara wa kuanzia upya.

Kwa nini Pwani ni tofauti

Si jambo geni serikali kumpa askari ardhi. Mwaka 1919, baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuwapa wanajeshi waliotoka vitani mashamba nchini Kenya. Mpango huo ulikuwa wa wazungu. Askari wa King's African Rifles na wapagazi wa Kariakoo, waliobeba vita mabegani, hawakuhesabiwa.

Pwani tulikuwa tumeshaguswa kabla ya hapo. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 ilimtaka kila mwenye kudai ardhi katika ukanda huu ajitokeze na kuthibitisha. Aliyekuwa na ardhi ya ukoo, bila karatasi na bila kujua njia ya mahakama, hakupata hati, na ardhi ambayo haikudaiwa ilihesabiwa kuwa ya serikali. Ndiyo maana hadi leo kuna vijiji vizima ambavyo wenyeji wake huitwa maskwota kwenye ardhi waliyozikiwa babu zao.

Mstaafu anaporudi nyumbani na pesa zake mkononi, anaingia ndani ya historia hiyo. Kwa hiyo ni lazima ajue anauziwa nini. Kwa kawaida ni moja kati ya mambo matatu.

La kwanza ni ardhi yenye hatimiliki. Inaweza kuwa ya kudumu au ya kukodishwa na serikali kwa miaka maalumu. Hati nyingi za zamani za Pwani huwa na herufi CR kabla ya nambari. Kama ni ya miaka maalumu, tazama imebaki mingapi. Benki hazipendi kukopesha juu ya hati inayokaribia kuisha.

La pili ni nyumba bila ardhi. Huu ni utaratibu wa Mombasa tangu zamani, na utaukuta Majengo, Kisauni, Likoni na kwingineko. Mwenye shamba ni mmoja, mwenye nyumba ni mwingine, na mwenye nyumba hulipa kodi ya kiwanja kila mwezi. Watu wameishi hivyo vizazi na vizazi kwa amani. Lakini nyumba ya aina hiyo haiwezi kuwekwa rehani benki kama nyumba yenye hati, na shamba likiuzwa kwa mtu mwingine, wewe unabaki kubishana na mgeni. Kama unainunua, inunue kwa bei inayolingana na hali hiyo, na uwe na mkataba wa maandishi na mwenye shamba mwenyewe.

La tatu ni ardhi iliyo katika mpango wa makazi, au ambayo haijapimwa kabisa. Mfano unaojulikana ni shamba la Waitiki pale Likoni, ekari 930, ambako hati zilianza kutolewa kwa wakazi mwaka 2016. Ardhi ya mpango wa makazi huweza kuwa na deni la serikali au masharti ya kuuza. Na ile isiyopimwa, unachouziwa ni ahadi. Barua ya chifu au sahihi ya mzee wa mtaa ni ushahidi kwamba watu wanakujua; si ushahidi kwamba ardhi ni yako.

Kabla ya kutoa shilingi

Utaratibu wenyewe si mgumu. Unahitaji subira tu, na dalali hapendi subira.

Chukua nakala ya hati kutoka kwa muuzaji, kisha ufanye upekuzi rasmi kwenye sajili ya ardhi, au kupitia mtandao wa Ardhisasa pale ambapo sajili hiyo imeshaingizwa. Upekuzi utakuonyesha mwenye ardhi kwa jina, ukubwa wake, na kama kuna rehani au zuio la mahakama. Fanya upekuzi wako mwenyewe. Ule unaoletewa na dalali ukiwa umeshapigwa chapa, uweke pembeni.

Mlete mpima ardhi aliyesajiliwa aoneshe vigingi vya mipaka. Kuna watu wana hati halali ya ploti ambayo wameshajenga nje yake.

Kama ardhi ni ya kilimo, mauzo lazima yapate idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi. Idhini hiyo huombwa ndani ya miezi 6 baada ya mkataba. Bila hiyo, sheria inayahesabu mauzo kuwa batili. Kama muuzaji ana mke au mume na hapo ndipo wanapoishi, idhini ya mwenzake nayo inatakiwa.

Mwisho, weka pesa za gharama za pembeni. Ushuru wa stempu ni asilimia 4 ya thamani mjini na asilimia 2 mashambani. Kwa ploti ya shilingi 1,000,000 ndani ya manispaa, hizo ni 40,000, kabla ya wakili na mpima ardhi. Wengi huishiwa hapo, wakaahirisha kuhamisha hati, na muuzaji akafariki kabla haijahamishwa. Hapo unajikuta unadai kwa warithi.

Pesa: kopa ungali kazini

Kosa la hesabu linalowagharimu wanajeshi ni kungoja mkupuo. Benki hutazama mambo mawili: kipato cha kila mwezi na miaka iliyobaki ya kulipa. Vyote viwili hupungua siku unayostaafu.

Chukua mkopo wa shilingi 2,000,000 kwa miaka 20. Kwa riba ya asilimia 9.5, unalipa kama 18,640 kwa mwezi. Kwa asilimia 15, unalipa kama 26,340. Tofauti hiyo ni karo ya mtoto. Na mkopo huohuo wa asilimia 9.5 ukibanwa ndani ya miaka 10 kwa sababu umeuchukua umri umekwenda, unapanda hadi karibu 25,880. Riba ni ileile, miaka ndiyo imekosekana.

Kuna milango minne ya kubisha.

Wa kwanza ni ushirika. Wanajeshi wana Ulinzi Sacco, na akiba ya kila mwezi inayokatwa kwenye mshahara haikuumi kama ile unayoitafuta ukishatoka. Akiba haiozi. Mwenye kuanza akiwa koplo anaweza kuwa na ploti iliyolipwa akifika sajini.

Wa pili ni mikopo inayopitia Kenya Mortgage Refinance Company, yaani KMRC. Kampuni hii haimkopeshi mwananchi moja kwa moja. Huzipa benki na vyama vya ushirika pesa za muda mrefu, nazo zikukopeshe kwa riba nafuu kuliko ya soko. Imarika Sacco ya Kilifi ni miongoni mwa vyama vilivyonunua hisa humo, kwa hiyo mtu wa Pwani hana haja ya kwenda Nairobi kuuliza.

Wa tatu ni kwa ndugu wanaoepuka riba. Benki za Kiislamu zilianza kazi Kenya mwaka 2008. Katika murabaha, benki hununua nyumba na kukuuzia kwa bei iliyo na faida inayojulikana tangu mwanzo. Katika ushirika unaopungua, wewe na benki mnaimiliki nyumba pamoja, na kila unapolipa unanunua sehemu ya benki hadi yote iwe yako. Si lazima iwe rahisi kuliko mkopo wa kawaida. Linganisha jumla utakayolipa hadi mwisho, si malipo ya mwezi peke yake.

Wa nne ni nyumba za gharama nafuu za serikali, ambazo huombwa kupitia Boma Yangu. Sheria ya mwaka 2024 inamkata mfanyakazi asilimia 1.5 ya mshahara, na mwajiri anaongeza kiasi kama hicho. Sheria hiyo inawagawa waombaji kwa kipato. Walio chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi wako kwenye nyumba za kijamii. Kuanzia 20,000 hadi 149,000 ni nyumba za gharama nafuu. Mstaafu aangalie vizuri hapa. Alipokuwa kazini alikuwa kundi la pili. Pensheni ikiwa haifiki 20,000, sasa yuko kundi la kwanza. Asiendelee na maombi yenye kipato cha zamani. Mtu mmoja hupewa nyumba moja tu, na huwezi kuiuza bila idhini ya maandishi ya bodi. Kwa nyumba za ghorofa, uliza pia kama utapata hati yako mwenyewe chini ya sheria ya mwaka 2020 ya umiliki wa sehemu za jengo.

Mjane na watoto

Jina lililo kwenye hati ndilo litakaloongea ukiwa hupo. Mwenye wake wawili, mwenye watoto wa nje, mwenye ploti iliyoandikwa jina la kaka kwa sababu yeye alikuwa Lamu kazini: wote hawa wanaziachia familia zao kesi. Ploti ikiandikwa jina la ndugu, ihamishwe mapema, ndugu akiwa hai na moyo wake bado mweupe. Kwa Waislamu, mirathi inaweza kwenda Mahakama ya Kadhi, lakini kadhi hugawa kile kilichokuwa cha marehemu. Kama hati haina jina lake, hana cha kugawa.

Wenzetu walifanyaje

Marekani ilipitisha sheria ya wanajeshi waliorudi vitani mwaka 1944. Serikali haikuwajengea nyumba. Iliwadhamini benki, hata mstaafu akaweza kununua bila kutanguliza amana, na mamilioni wakapata nyumba kwa njia hiyo. Lakini dhamana ilipitia mikono ya benki za mitaani. Uchunguzi wa miji 13 ya Mississippi mwaka 1947 ulikuta kwamba kati ya mikopo 3,229 iliyodhaminiwa, ya nyumba, biashara na mashamba, miwili tu ilikwenda kwa watu weusi. Sheria ilikuwa moja. Mlangoni ndiko walikorudishwa.

Somo hilo linatuhusu. Kenya ina sheria ya wanajeshi wastaafu tangu 2022, ina mikopo nafuu, ina Boma Yangu. Kwa Pwani, mlango unaofungwa ni hati. Mstaafu wa Msambweni au Ganze mwenye shamba la ukoo lisilo na karatasi hawezi kuliweka rehani, hata riba ishuke namna gani. Kwa hiyo wanaotaka kumsaidia, wawe ni serikali za kaunti, viongozi wetu au chama cha wanajeshi wa zamani tuliokizoea kwa jina la KAFOCA, waanzie hapo: upimaji wa mashamba ya ukoo, wakili wa pamoja kwa ada ndogo, na somo la ardhi kambini miaka 5 kabla ya kustaafu, si wiki ya kuagana.

Na wewe uliye na kijana jeshini, mpigie simu. Usimuulize ametuma ngapi mwezi huu. Muulize jina la nani liko kwenye hati.