Mstari chini ya neno si urembo

Msomaji mmoja wa safu hii, mwalimu wa shule ya upili huku kwetu Matuga, amenilalamikia. Anasema sisi wahadhiri tunawasumbua wanafunzi kwa kuwarudishia tasnifu kwa sababu ya vijimambo: ukurasa huu istilahi imekolezwa wino, ule mwingine imelazwa kwa italiki, wa tatu imepigiwa mstari. Maadamu maana inaeleweka, anauliza, si hayo ni mapambo tu? Nimeona nimjibu hapa kwa kuwa swali lake lina historia, na historia hiyo, ijapokuwa imepitia Marekani, ina mambo yake hapa Kombani pia.

Tuanzie darasani kwake mwenyewe. Kila aliyefanya mtihani wa KCSE anaikumbuka ile amri ya kueleza maneno yaliyopigiwa mstari. Mstari ule si sehemu ya neno. Ni sauti ya mtahini inayosema, "Hili hapa, lieleze." Sasa fikiria mtahini aliyepigia mstari neno moja ili lielezwe, kisha swali linalofuata akapigia jingine kwa kuwa tu limempendeza. Mtahiniwa atajibu asichoulizwa, na alama atapoteza yeye. Kamusi nazo ziko hivyo hivyo. Fungua Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI ya mwaka 1981: kidahizo kimekolezwa, kisha unakuta nm kwa nomino na kt kwa kitenzi. Sisi wanaisimu tuna kinyota chetu tunachokiweka mbele ya sentensi isiyokubalika. Hakuna anayekisoma kwa sauti, lakini ukikisahau umeihalalisha sentensi mbovu.

Desturi hii tuliirithi kutoka kwa wahariri wa matbaa. Zamani mhariri alichukua kalamu akatia alama kwenye muswada ili mpangaji wa herufi za risasi ajue la kufanya. Mstari mmoja ulionyooka chini ya neno ulimwambia alipange kwa italiki. Mstari wa mawimbi ulimwambia alikoleze. Watu wa kompyuta walipoanza kuzungumzia "kutia alama" katika matini zao, kazi hiyo ya matbaa ndiyo waliyoiazima, jina na yote.

Na hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo. Mnamo 1969, katika maabara za Bell kule New Jersey, Ken Thompson na Dennis Ritchie na wenzao walianza kuunda mfumo wa uendeshaji wa kompyuta ulioitwa Unix. Mifumo mingi tunayoitumia leo, pamoja na ule ulio ndani ya simu yako, ina damu yake. Toleo la kwanza la mwongozo wake lina tarehe ya Novemba 3, 1971. Lilipigwa kwa chapa ya taipu, na taipu, kama wanavyokumbuka makarani wa rika langu, haina italiki wala herufi nzito. Ina mstari wa chini tu: unarudi nyuma, unapiga mstari. Basi waandishi wakaweka kanuni mwanzoni mwa kitabu: neno lililopigiwa mstari ni la kuandikwa kama lilivyo. Neno lisilo na mstari ni nafasi ya kujazwa na mtumiaji mwenyewe, kwa mfano jina la faili lake.

Miaka michache baadaye walipata mtambo wa kupanga chapa, naye Joe Ossanna akawaandikia programu ya kuuendesha. Sasa herufi nzito zikapatikana. Neno la kuandikwa kama lilivyo likahamia kwenye herufi nzito, na lile la kujazwa na mtumiaji likapewa italiki. Vizuri sana kwenye karatasi. Lakini viwambo vingi vya kompyuta wakati huo havikuweza kuonyesha italiki. Vifanyeje? Vikaionyesha kwa mstari wa chini, kwa mantiki ile ile ya mhariri wa matbaa. Matokeo yake ni kwamba alama imegeuka kinyume. Chukua amri ya cp, ambayo hunakili faili. Mwaka 1971 kilichopigiwa mstari ni cp yenyewe. Leo ukiufungua mwongozo wa Linux kwenye kiwambo cha maandishi matupu, cp imekolezwa na mstari uko chini ya majina ya mfano ya faili. Mstari uliosema "usibadilishe hata herufi" sasa unasema "badilisha, weka lako."

Kanuni zote mbili ni nzuri, kila moja kwa wakati wake. Balaa ni kuzichanganya ndani ya kitabu kimoja. Na zilichanganyika. Kurasa za mwongozo wa Linux zilianza kukusanywa mwaka 1993, na zimeandikwa na watu wengi kutoka nchi nyingi, kila mmoja na mazoea yake. Mmoja alikoleza majina ya faili, mwenzake akayalaza. Mmoja alipotaja ukurasa mwingine alikoleza jina pamoja na namba iliyo ndani ya mabano, mwingine jina peke yake. Msomaji mgeni asingejua kama tofauti ile ina maana au ni bahati tu. Namba ile si pambo, kwani printf(1) ni amri ya kuandika kwenye kiwambo, na printf(3) ni kitu cha mtunga programu. Mmetajiwa Juma, hamjaambiwa Juma yupi.

Michael Kerrisk, aliyechukua usimamizi wa kurasa hizo mwaka 2004 kutoka kwa Andries Brouwer, alizisafisha kwa miaka mingi, na kuna ukurasa maalumu unaoeleza kanuni: kipi kikolezwe, kipi kilazwe. Kumbukumbu za kazi hiyo zina vifupisho vinavyonifurahisha kama mhariri. Marekebisho ya tahajia huandikwa tfix, ya maneno wfix, ya alama ffix. Yaani alama zilipewa daftari lao, hazikufichwa ndani ya "mengineyo". Kabla ya hapo, mwanzoni mwa miaka ya 1990, Cynthia Livingston alikuwa amewatungia watu wa BSD, tawi jingine la ukoo wa Unix, njia ambayo kwangu ni bora zaidi: mwandishi hasemi "koleza hapa", anasema "hili ni chaguo la amri" au "hili ni la kujazwa", na mashine inaamua yenyewe kukoleza au kulaza. Laiti tungewafundisha hivyo wanafunzi wetu wa uzamili.

Lakini kuna alama zinazouma zaidi ya mstari. Kistari, kwa mfano. Machaguo ya amri za Unix huanza kwa kistari kifupi. Programu inayopanga kurasa za mwongozo inaweza kukigeuza kistari cha kawaida kikawa kiungo kizuri cha matbaa, tofauti na kile kilicho kwenye kibodi. Kwa macho ni kile kile. Mtumiaji ananakili amri kutoka kwenye mwongozo, anaibandika, kompyuta inakataa. Dawa ni mwandishi kutia alama maalumu kabla ya kistari kila mahali ambapo kinatakiwa kile cha kibodi, na mahali pengi ilisahaulika. Programu ya groff ilipotoa toleo la 1.23 mwaka 2023 likishikilia tofauti hiyo, mabishano yalikuwa makali, na Debian wakaamua kuizima kwao kuliko kuwaacha watumiaji wahangaike.

Programu hiyo hiyo huipinda pia ritifaa. Hapo sasa, ndugu msomaji, tumefika nyumbani.

Ukitoka Likoni kuja Kombani unapita Ng'ombeni. Jina hilo nimeliona bila ritifaa, nimeliona na ritifaa iliyonyooka ya kibodi, nimeliona na ile iliyopinda ambayo programu za kuandikia huiweka zenyewe. Kwa macho ya binadamu ni mahali pamoja. Kwa kompyuta ni pahala patatu. Nililishuhudia jambo hili nilipoombwa na kikundi kimoja nikague orodha ya wanafunzi wa kufadhiliwa. Karani alikuwa ametafuta jina la mahali mara moja, akachapisha waliotokea, akadhani amemaliza. Waliosajiliwa kwa ritifaa ya aina nyingine hawakutokea. Mama mmoja alikuja kuuliza mbona mwanawe hayumo, naye mtoto yumo, jina limo, alama zake za darasani zimo. Tuligundua mapema, orodha ikarekebishwa. Mwalimu wangu wa Matuga atazame hapo kabla ya kusema alama ni mapambo.

Ritifaa yenyewe imepewa kazi nyingi mno tangu Kiswahili kianze kuandikwa kwa hati za Kilatini. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 akaandika kwa namna yake. Steere alichapisha kitabu chake cha sarufi mwaka 1870, akiegemea Kiunguja. Taylor, aliyekaa Mombasa akakipenda Kimvita, alihangaika na alama za kutenganisha sauti ambazo masikio ya Unguja hayakuzijali. Baadhi ya waandishi waliitumia ritifaa kuonyesha mpumuo: paa la nyumba likaandikwa bila alama, na paa wa porini akaandikwa p'aa. Katika ng' ritifaa ni sehemu ya herufi. Katika ushairi inaonyesha silabi iliyomezwa, kama 'kitoka kwa nikitoka. Katika nukuu wengine huigeuza kuwa alama ya usemi. Kazi nne, kijisti kimoja.

Mkutano wa Mombasa wa 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji, na Januari 1, 1930 Kamati ya Lugha ya nchi nne, yaani Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, ikaanza kazi, Frederick Johnson akiwa katibu. Vitabu vya shule vilipitia kwake ili vipate ithibati. Ile ilikuwa ffix kubwa kuliko zote katika historia ya lugha yetu. Faida yake haina ubishi, kwani mtoto wa Tanga na mtoto wa Kisumu walisoma tahajia moja. Lakini usawa huo ulipatikana kwa kuifuta alama ya mpumuo, na waliolipia ni watu wa pwani yetu, wenye Kimvita, Chifundi na Kivumba, ambao kwao p'aa na paa hayakuwahi kuwa matamshi mamoja. Sidai kamati ilikosea kutaka usawa. Ninachosema ni kwamba ilisawazisha pasipo kuwasikiliza wenye masikio. Mwanzoni hapakuwa na Mswahili hata mmoja miongoni mwa wajumbe wake.

Ndiyo maana siwaamini wasahihishaji wanaobonyeza kitufe kimoja kubadilisha kila kitu. Hapa kwetu kuna Tsimba Golini na kuna Shimba Hills, mwendo mfupi kutoka moja hadi nyingine. Msahihishaji mwenye bidii atataka jina moja. Hajui kwamba ts ni ya Chidigo, wala haikuletwa na mkono uliokosea kibodi. Vijana wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliotafsiri OpenOffice kwa Kiswahili katika mradi wa Kilinux, kazi iliyotoka mwaka 2004 kwa jina la Jambo OpenOffice, walilijua hili. Matini waliyotafsiri ina kialama cha wimbi mbele ya herufi fulani ya kila neno la menyu. Asiyejua atakifuta akidhani ni uchafu. Kumbe ndicho kinachoipa herufi ile mstari wa chini, na mstari huo unamwambia mtumiaji abonyeze kitufe gani. Hiyo sasa ni maana ya tatu ya mstari ule ule.

Ya nne iko hapa Kwale. Tahajia ya Chidigo, ile iliyotumika katika kamusi ya Mgombato ya mwaka 2004, ina v mbili: v ya kawaida, na v̱ yenye kistari chini yake, ambayo hutamkwa kwa midomo miwili kukaribiana bila kugusana. Kistari hicho si amri ya mtahini, si italiki ya mhariri, si kitufe cha menyu. Ni herufi. Unicode haikuipa namba moja iliyo kamili. Huundwa kwa kuandika v kisha kuongeza kistari cha chini kama alama ya pili. Mara nyingine fonti hukiacha kistari kando, mara nyingine mpangaji wa kadi za harusi hukiona akadhani ni mstari uliosahaulika, akauondoa kwa nia njema kabisa.

Siku Mdigo atakapoandika ukurasa wa mwongozo wa kompyuta kwa lugha yake, na ninao wanafunzi wawili wanaolifikiria, atakutana na tatizo ambalo Thompson na Ritchie hawakuliota: kwenye kiwambo kile kinachoonyesha italiki kwa mstari, v ya kawaida iliyolazwa itafanana na v̱. Nimewashauri waiache italiki, maneno ya kujazwa wayatie ndani ya mabano ya pembe, na waieleze kanuni hiyo kwenye ukurasa wa kwanza. Mmoja amekubali. Wa pili anasema fonti ndiyo ibadilishwe, si kanuni, na bado tunabishana.